Kupokea Kazi Mpya: Hesabu Kwanza, Saini Baadaye

Mtu anayeanza kazi mpya huwaza sana nguo atakayovaa siku ya kwanza na namna atakavyojieleza mbele ya wenzake, ilhali jambo litakalomwezesha kuimaliza miezi ya mwanzo kwa amani ni kujua kwa hakika amekabidhiwa nini, amekabidhiwa na nani, na kwa maandishi gani. Nimefanya kazi ya utunzaji wa stoo kwa miaka mingi, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko. Hata hivyo mhasibu, mwalimu mkuu anayehamia shule nyingine, au karani aliyepandishwa cheo kuwa msimamizi wa wenzake ataona kwamba naye ana stoo yake, hata kama ndani yake mna mafaili na funguo badala ya magunia.

Anza na mkataba. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi anayeanza kazi maelezo ya maandishi yanayoonyesha majukumu yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Soma kwa makini zaidi sehemu ya majukumu, hasa mstari wa mwisho ambao mara nyingi husema “na kazi nyingine utakazopangiwa na msimamizi wako”, kisha uulize kwa adabu kazi hizo kwa kawaida huwa zipi. Ukiwa umepandishwa cheo palepale ulipokuwa, uliza pia mambo mawili ambayo watu huona haya kuyauliza: mshahara mpya unaanza tarehe ipi, na nani atachukua kazi zako za zamani. Nimewaona watu waliobeba vyeo viwili kwa mwaka mzima kwa sababu swali hilo la pili halikuulizwa.

Nyaraka zisikucheleweshe. Andaa vyeti halisi na nakala zake, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, na namba yako ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii ikiwa ulikwisha kuandikishwa kwingine, ili usije ukafunguliwa uanachama wa pili.

Makabidhiano yanahitaji maelezo marefu zaidi. Stoo yangu ya kwanza niliipokea siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri. Aliyekuwa akiondoka alikuwa na basi la kuwahi, leja yake ilikuwa na mwandiko wa kupendeza, na makatoni ya wino wa printa yalikuwa yamepangwa safu nne hadi karibu na dari, kila moja na utepe wake wa gundi. Nilihesabu makatoni, nikalinganisha na leja, hesabu ikakubali, nikatia saini. Mzee mmoja mpakiaji, aliyekuwa ameketi juu ya kreti pale mlangoni, aliniuliza, “Mwanangu, umeyanyanyua hayo?” Nikamjibu, “Mzee wangu, yamefungwa hayo,” nikatia kufuli. Wiki ya pili idara moja ilipoomba wino, nilivuta katoni la safu ya nyuma, likaja mkononi jepesi kama ungo. Utepe ulikuwa umebandikwa juu ya utepe mwingine, na ndani hamkuwa na kitu isipokuwa vipande vya maboksi yaliyokunjwa. Makatoni matano yalikuwa hivyo. Aliyenikabidhi hakupokea tena simu yangu, na karatasi iliyobaki ofisini ilikuwa na saini yangu.

Nilikatwa mshahara bila hata kuulizwa, na sikuijua sheria. Leo ningesema kwamba mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi fidia ya hasara ikiwa tu hasara hiyo imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, ameelezwa kwa maandishi sababu na kiasi anachodaiwa, amepewa nafasi ya kupinga, na makato hayazidi robo ya ujira wake.

Kwa hiyo usikubali makabidhiano ya Ijumaa alasiri. Omba siku mbili kamili kwa stoo ya wastani, na wawepo watu watatu: anayekabidhi, anayepokea, na shahidi kutoka uhasibu au ukaguzi wa ndani. Hesabu mali kabla ya kufungua leja, kwa sababu ukianza na leja jicho litaitafuta namba iliyokwisha kuandikwa na mara nyingi litaipata. Fungua kilichofungwa. Ikiwa mwenzako anakataa kifunguliwe, andika kwenye hati ya makabidhiano kwamba makatoni kadhaa yamepokelewa yakiwa yamefungwa na yaliyomo hayakuhakikiwa; maneno hayo machache yangeniokoa. Vitu vibovu na vilivyopita muda viorodheshwe peke yake, wala visichanganywe na vizima ili kupendezesha jumla. Kisha pigeni mstari kwenye leja chini ya ingizo la mwisho, mtie saini wote wawili na tarehe, na muandike namba ya hati ya mwisho ya kutolea mali iliyokwisha kutumika, ili asitokee mtu kesho akachomeka hati yenye tarehe ya jana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimejifunza kwamba daftari bila mali humpoteza mtunzaji.

Anayepokea ofisi isiyo na mali afanye vivyo hivyo kwa mambo yasiyoonekana: barua zinazosubiri majibu, madeni yasiyolipwa, na ahadi za mdomo ambazo mtangulizi wake aliwapa wateja au wafanyakazi. Hizo ahadi za mdomo ndizo zitakazobisha hodi mapema kuliko vyote. Nywila zibadilishwe siku hiyohiyo, na funguo zihesabiwe pamoja na nakala zake.

Kwa upande wa watu, yule mzee wa kwenye kreti alikuwa akiijua stoo ile kuliko leja, na kama ningekaa naye dakika tano ningeijua hali yake kabla ya kusaini. Tangu siku hiyo, kila ninapohamia mahali huanza kwa kuwasalimia na kuwauliza mlinzi, mfanya usafi na wapakiaji. Ukiwa msimamizi wa watu waliokuzidi umri, shikamoo inabaki kuwa shikamoo, na agizo linalotanguliwa na “Mama, naomba tuanze na hili” hutekelezwa haraka kuliko amri kavu. Jizuie pia, walau mwezi wa kwanza, kusema “kule nilikotoka tulikuwa tunafanya hivi”. Hata ukiwa na hoja, wenzako watasikia kwamba unawadharau.

Kwa mkuu wako, tafuta nusu saa ndani ya wiki ya kwanza umuulize anataka kuona nini kimekamilika baada ya miezi mitatu, anapenda kupewa taarifa kwa njia gani na mara ngapi, na ni maamuzi yapi unaweza kuyafanya bila kumrudia. Ukitoka hapo, mwandikie ujumbe mfupi unaoanza na “kama tulivyokubaliana leo”, uhifadhi nakala.

Mshahara wa kwanza ukiingia, soma hati yake mstari kwa mstari: kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, ambao kwa sekta binafsi jumla yake ni asilimia 20 na kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu kati yako na mwajiri, na marejesho ya mkopo wa elimu ya juu kwa aliyekopa. Baada ya miezi mitatu uhakikishe kwenye mfuko wenyewe kwamba michango imefika, kwa kuwa kukatwa ni jambo moja na kuwasilishwa ni jingine.

Mwisho ni muda wa majaribio. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka muda huo uwe wa kuridhisha na usizidi miezi 12, na mwajiri akutathmini na kukutana nawe akiwa na jambo lisilomridhisha. Jua pia kwamba anayefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, kwa hiyo miezi hiyo ndiyo ya kutunza kumbukumbu kuliko mingine. Mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, mwandikie afisa rasilimali watu kuomba tathmini na barua ya kuthibitishwa kazini, ukiambatisha nakala ya ule ujumbe wa wiki ya kwanza na orodha ya yaliyotimia.