Kuchonga sura ya mtu ukutani, hapa Bagamoyo

Kazi hii haipaki rangi, inaitoa. Mreno Alexandre Farto, maarufu kama Vhils, alichonga sura kwenye ukuta wa London mwaka 2008 na dunia ikamjua. Hutumia tindo, drili, hata baruti. Baruti mwachieni yeye.

1. Ukuta

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe usiziguse. Ziko chini ya sheria ya mambo ya kale, na isitoshe, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa hayafuati mstari wako. Tindo linang'oa pande zima. Tafuta ukuta wa tofali za sementi wenye lipu, uliopakwa rangi juu ya rangi. Ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi, na umuulize nyaya na mabomba yamepita wapi.

Kisha gonga kwa mpini wa nyundo, juu hadi chini. Panapolia uwazi, lipu imeachia tofali. Ukichonga pua hapo, itadondoka. Sisi wa pwani tuna adha nyingine: chumvi hupanda na unyevu kutoka chini na kuila lipu. Uso uanzie juu ya alama hizo.

2. Picha

Chukua picha iliyopigwa mwanga ukitokea upande mmoja, uipunguze ibaki na ngazi tatu: rangi, lipu, tofali. Lipu na tofali vyote ni kijivu, kwa hiyo giza utalipata kwenye kina na ukwaruzo. Jua la mchana hapa liko juu sana, na kila ukingo uliokatwa vizuri huangusha kivuli chake.

3. Kuhamisha

Rusha picha ukutani kwa projekta usiku, au gawa picha na ukuta kwa miraba, unakili kwa chaki.

4. Kuchonga

Pitisha grenda kwenye mipaka kwanza, milimita 3 hivi, ili lipu isipasuke kuvuka mstari. Ndipo tindo liingie. Nukta nyeupe ya jicho izungushie chaki nyekundu, ikitoka hairudi.

Vumbi la sementi na mchanga huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Nunua yenye kichujio, na miwani. Ukifanya kazi kwa tindo tupu, lowesha ukuta kidogo; ukishika grenda ya umeme, maji yakae mbali.

5. Kumalizia

Brashi kavu, kisha zoa kifusi siku hiyo hiyo. Vanishi usipake, hata mteja akikushikilia: unyevu utanaswa ndani, na chumvi itaisukuma lipu itoke.