Jinsi ya kulinganisha ladha ya chokoleti za nchi tofauti ukiwa nyumbani kwako

Wadau, mtu akirudi safari analeta chokoleti, na ubishi unakuwa ule ule, mara ya Uswisi ndo kiboko, mara ya Ubelgiji, mara ya Marekani ina uchachu wa ajabu. Mi kazi yangu ni kutengeneza chokoleti hapa Dar kwa kakao ya Kyela na ya Kilombero, kuonja ni sehemu ya kazi, na ninachokiona ni kwamba ubishi mwingi unatokana na watu kulinganisha vitu ambavyo havilingani. Mtu anachukua ya maziwa ya nchi moja, anaiweka pembeni ya nyeusi ya asilimia 85 ya nchi nyingine, halafu anatoa hukumu juu ya nchi. Hapo umelinganisha sukari na maziwa tu, nchi hujaigusa bado. Naweka hapa utaratibu ninaoutumia, hauhitaji vifaa vya gharama, unahitaji uvumilivu na usiri kidogo.

Hatua ya 1: Amua unaposema "nchi" unamaanisha nini

Kakao haioti Uswisi wala Ubelgiji. Inaota ukanda wa joto, takriban nyuzi 20 juu na chini ya Ikweta, ndo maana inakubali Kyela, Kilombero, Bundibugyo kule Uganda, Beni kule Congo, Madagascar, Ghana, Ivory Coast ambayo ndo mzalishaji mkubwa kuliko wote, Ecuador, Vietnam na kwingineko. Kwahiyo chokoleti ikiandikwa Uswisi maana yake imetengenezwa Uswisi, kakao yenyewe imetoka kwa mkulima wa mbali kabisa ambaye mara nyingi hata hatajwi.

Kwahiyo una meza mbili tofauti. Meza ya kwanza ni ya nchi ilikoota kakao, hapa unatumia chokoleti nyeusi tu. Meza ya pili ni ya nchi ilikotengenezwa chokoleti, hapa ndo unaleta za maziwa, kwa sababu tofauti ya Mwingereza na Mswisi na Mmarekani iko kwenye maziwa zaidi. Usizichanganye siku moja, ulimi utachoka na utaanza kujidanganya.

Hatua ya 2: Nunua kwa akili

Kwa meza ya kwanza tafuta baa nne au tano za asilimia 70, na geuza nyuma usome viambato. Unachotaka ni kakao na sukari, ikiwezekana basi, au na mafuta ya kakao kidogo. Ukiona vanila iache, vanila inafunika kila kitu, ni kama kupaka rangi moja nyumba zote halafu ukaulizwa ipi ni ya nani. Ukiona mafuta ya mboga mengine pia iache, sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu mpaka asilimia 5 ya mafuta yasiyo ya kakao na yanabadilisha namna inavyoyeyuka mdomoni.

Njia nzuri kuliko zote ni kupata mtengenezaji mmoja mwenye baa za nchi mbalimbali, maana mkono ni mmoja na mashine ni zile zile, kinachobadilika zaidi ni kakao. Kama una ndugu Marekani mwambie akuletee za Dandelion wa San Francisco, wanatumia kakao na sukari tu na wameshatoa baa ya kakao ya Kokoa Kamili, kampuni ya kakao ya kwetu Kilombero, na ya Ambanja, Madagascar. Aliyeko Ulaya atafute Original Beans wa Amsterdam, wana ya Virunga, Congo. Za Marou wa Vietnam ni tamu sana ila angalia asilimia, kila mkoa wameupa yake, ya Tiền Giang ni 70 na ya Bến Tre ni 78, ukiziweka pamoja usishangae ya pili ikaonekana chungu zaidi.

Bajeti ikibana hata baa tatu zinatosha: moja ya Tanzania, moja ya Madagascar, moja ya Ghana. Hizo tatu zinaachana sana na utaelewa somo lote.

Hatua ya 3: Chumba na muda

Mafuta ya kakao yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na Dar mwezi wa pili sote tunajua hali ilivyo. Washa kiyoyozi au onja alfajiri, chumba kiwe nyuzi 20 mpaka 22. Usionje kitu kilichotoka kwenye friji muda huo huo, ubaridi unaua harufu, itoe ikiwa bado imefungwa uiache ifikie joto la chumba kwanza ndo ufungue.

Muda mzuri ni asubuhi kabla hujala vitu vikali. Sigara hapana, kahawa hapana, dawa ya meno ya mnanaa piga mswaki lisaa au mawili kabla. Manukato na udi siku hiyo pumzisha, najua ni ngumu kwa watu wa Pwani lakini nusu ya kazi hii inafanywa na pua.

Hatua ya 4: Ficha majina

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayobeba kila kitu. Mwombe mtu mwingine wa nyumbani afungue karatasi, akate vipande vya gramu 5 hivi, aviweke kwenye sahani na kuviandikia namba, karatasi zikae kwake mpaka mwisho. Ukiona jina la Uswisi kichwa chako kimeshaamua kabla ulimi haujaguswa.

Halafu mwambie arudie chokoleti mojawapo mara mbili kwa namba tofauti bila kukwambia ni ipi. Yaani kama una baa nne, sahani iwe na namba tano. Mwishoni ukikuta zile mbili umeziandikia maneno yanayofanana, uamini ulimi wako kwa zingine pia. Ukikuta moja umeisifia na pacha wake umemponda, basi tofauti ulizoziandika siku hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani, rudia siku nyingine.

Cha kusafishia mdomo ni maji ya uvuguvugu, siyo ya baridi, maana ya baridi yanagandisha mafuta ya kakao kwenye ulimi na chokoleti ya kwanza inabaki pale inakusubiria ya pili. Na tengeneza ugali laini usio na chumvi, kijiko kimoja katikati ya kila namba. Waamuzi wa International Chocolate Awards wanatumia polenta kwa kazi hiyo hiyo, ambayo ni unga wa mahindi wa kupikwa, kwahiyo sisi tuna kifaa cha kitaalamu jikoni tayari.

Hatua ya 5: Kuonja kwenyewe

Angalia kwanza. Iwe inang'aa, na rangi usiipe maana kubwa, ya Madagascar mara nyingi ina wekundu fulani mwepesi na siyo kwamba ina kakao kidogo. Ukiona ukungu mweupe juu siyo fangasi, ni mafuta au sukari iliyopanda kwa sababu ya joto au unyevu, inalika ila kwenye meza ya kulinganisha iondoe kwa sababu haiyeyuki sawa na wenzake.

Vunja karibu na sikio. Iliyogandishwa vizuri inakatika kwa mlio mkavu. Hiyo inakwambia ufundi wa mtengenezaji, haisemi kitu juu ya nchi ya kakao. Nusa hapo hapo ilipovunjika, ndo harufu ilipo.

Sasa bana pua, weka kipande mdomoni, usitafune kama karanga, kivunje mara moja tu halafu kiache kiyeyuke juu ya ulimi. Ukiwa umebana pua utasikia utamu, uchungu na uchachu, basi. Hesabu mpaka tano, achia pua, pumua kwa pua. Hapo ndo inafunguka, matunda, karanga, maua, moshi, vyote vinaingia kwa mkupuo na kila mtu ninayemwonyesha hii anafungua macho. Ukishaelewa hilo, namba zinazofuata huna haja ya kubana pua tena.

Andika vitu vitatu: ilivyoanza, ilivyokuwa katikati, na ilivyobaki baada ya kumeza. Kilichobaki kipe hata dakika nzima kabla hujagusa ugali, chokoleti nzuri mara nyingi inasema jambo lake kubwa pale.

Hatua ya 6: Maneno ya kuandika yatoe jikoni kwako

Chati za kuonjea za wazungu zimejaa matunda ambayo wengi hatujakua nayo. Panga vibakuli vidogo mezani: ukwaju, zabibu kavu, tende, karanga za kukaanga, ganda la limao, sukari guru, asali, maua ya asumini ukiyapata. Nusa kimoja kimoja kabla hujaanza na rudia ukikwama katikati. Ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka kama umekula bibo, uandike peke yake usiuchanganye na uchungu. Uchungu unasikika kama ladha, ukakasi unasikika kama ulimi umeparuzwa, na vinatokana na mambo tofauti.

Hatua ya 7: Fungua karatasi na usome majibu

Sasa mlete aliyekatia, linganisha. Mara nyingi utakuta hivi.

Ya Madagascar, kakao yake nyingi inatoka bonde la Sambirano kaskazini-magharibi, ndo ile ambayo watu wakiiweka mdomoni wanakunja uso na kuniuliza umekamulia limao? Hapana, hakuna kilichoongezwa, ni kakao na sukari, uchachu ni wake mwenyewe, unakuja kama ukwaju na matunda mekundu halafu unaondoka safi. Mi naipenda sana ila siiweki namba ya kwanza, ikitangulia inafanya zinazofuata zionekane zimepooza.

Ya Ghana ni kinyume, uchachu mdogo, ladha ya kakao yenyewe, karanga za kukaanga, imetulia. Ndo ladha ambayo dunia imezoea kuiita chokoleti. Kakao ya Ghana wanamkumbuka Tetteh Quarshie aliyeleta mbegu mwaka 1879 kutoka kisiwa cha Fernando Po (sasa Bioko, Guinea ya Ikweta), na wakulima wa Ghana wengi bado wanavundika punje, yaani kuzichachusha, kwa kuzirundika na kufunika majani ya migomba siku sita hivi, kisha wanazianika kwenye mikeka juu ya vichanja.

Ya Kilombero iko katikati, matunda yapo, zabibu kavu, utamu wa sukari guru mwishoni. Pale Mbingu, Kokoa Kamili wananunua punje mbichi kwa wakulima na kuvundika wenyewe sehemu moja, kwahiyo baa ya mwaka huu na ya mwaka jana hazipishani sana. Ya Ecuador ikiwa ni aina ya Nacional kweli utasikia asumini, ila Ecuador wanalima pia CCN-51 inayozaa sana na haina hayo maua, kwahiyo ukikosa maua usimlaumu ulimi wako, soma aina. Na ukikutana na ya Papua New Guinea yenye moshi kama samaki wa kubanika, mvua za kule ni nyingi na kakao imekuwa ikikaushwa kwa moto wa kuni, moshi unaingia kwenye punje na hautoki tena.

Umeona hapo? Nchi haijaandikwa kwenye mbegu peke yake. Punje ikivundikwa bakteria wanageuza pombe inayotokana na utomvu mtamu unaozizunguka punje kuwa asidi ya siki, ukikausha haraka haraka siki inabaki ndani, ukikausha taratibu inaondoka. Isipovundikwa kabisa, kama ilivyo kwa kakao nyingi ya Sulawesi, Indonesia, unapata ukakasi na uchungu bila harufu nzuri. Kwahiyo ukiandika "ya Tanzania ina uchachu" unaongelea pia kazi ya mikono ya watu wiki ile baada ya kuvuna, na ndo maana inaniuma nikiona mkulima anayevundika vizuri analipwa bei ile ile na asiyevundika.

Hatua ya 8: Meza ya za maziwa

Siku nyingine sasa, utaratibu ule ule wa namba na ugali. Weka ya Uswisi, Cadbury Dairy Milk ya Uingereza na Hershey's ya Marekani, zote za kawaida zisizo na karanga wala kijazo.

Ya Uswisi ni laini na ina ladha ya maziwa freshi. Daniel Peter alianza kutengeneza ya maziwa kule Vevey mwaka 1875, na Rodolphe Lindt mwaka 1879 akaja na mashine ya kuikoroga kwa muda mrefu mpaka chembechembe zikaisha ulimini. Ya Uingereza ina ladha ya maziwa yaliyopikwa mpaka kukaribia karameli, kwa sababu maziwa na sukari vinachemshwa pamoja na kakao na kukaushwa kabla ya kutengeneza chokoleti. Ya Marekani ina ule uchachu, watu wa fani wanauelezea kwa asidi ya butiriki inayotoka mafuta ya maziwa yakivunjwa, asidi hiyo hiyo ipo kwenye jibini la parmesan. Aliyekua nayo anaikosa akila nyingine, kwahiyo usimcheke mtu.

Angalia na kiwango cha kakao. Ulaya ya maziwa lazima iwe na kakao angalau asilimia 25, Uingereza wanaruhusu 20 maziwa yakiwa mengi, Marekani inaanzia 10. Na Cadbury inatengenezwa nchi nyingi, zipo za Misri na za Afrika Kusini, hivyo soma nyuma imetoka wapi kabla hujaiita ya Uingereza. Zile za Dubai zenye pistachio na kataifi (tambi nyembamba za unga) usiziweke hapa, ni tamu lakini unachoonja pale ni kijazo.

Hatua ya 9: Zilizobaki

Usimalize zote. Bakisha nusu ya kila baa, funga kwenye karatasi yake, tia kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na vitunguu na dagaa kwa sababu mafuta ya kakao yananyonya harufu yoyote. Kama nyumba ni ya joto weka friji sehemu ya chini, na ukitoa usifungue kopo mpaka lifikie joto la chumba, la sivyo unyevu utakaa juu na sukari itapanda. Baada ya wiki mwambie yule yule akuandikie namba upya kwa mpangilio mwingine, onja, halafu ndo ulinganishe na karatasi ya kwanza.