Ukienda kupanda sleji ya mbwa Lapland

Mlioko Ulaya mnaopanga kwenda Rovaniemi, Lapland kule Finland kupanda sleji (kigari cha kuteleza kwenye theluji) inayovutwa na mahaski, wale mbwa wa nchi za baridi, Januari baridi inaweza kushuka hadi nyuzi -30 so achaneni na jinzi na soksi za pamba, pamba ikinyonya jasho utaganda, vaa sufu ndani, ovaroli na mabuti mara nyingi wanakupa wenyewe. Simu iweke mfuko wa ndani kabisa maana betri inazima chap.

Kubwa kuliko yote, ukiwa dereva usiachie mpini hata ukiteleza, wale mbwa hawakusubiri, wanasepa na sleji pamoja na aliyekaa mbele. Mteremkoni kanyaga breki kidogo kidogo sleji isije ikawagonga mbwa kwa nyuma. Zile kelele zao kabla ya kuondoka zisikutishe, wana hamu tu, wakianza kukimbia wananyamaza. Ila wanakunya hukohuko wakikimbia, jiandae 😂