Selfomu ya dogo: fomu faivu au ufundi?

Kila mwaka ni yale yale, dogo yuko fomu foo anapewa selfomu, ile fomu ya kuchagua tahasusi au chuo, jioni wazazi wanamwamulia sebuleni, mama anataka daktari, baba anasema aende veta, chuo cha ufundi stadi, apate ujuzi, mwenyewe kanyamaza anachezea rimoti. Kikao cha mtoto wa dada angu nilikuwepo, ndo maana naandika haya.

Usianze na kozi, anza na matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio. Fomu faivu inataka C tatu na ziangukie kwenye tahasusi, yale masomo matatu atakayosoma huko, sio za kuokoteza. Diploma vyuo vya kati ni D nne, za dini hazihesabiwi. Ila akitaka uhandisi DIT, ile taasisi ya teknolojia ya Dar, au Chuo cha Ufundi Arusha, hesabu na fizikia ziwemo humo, kwahiyo anayependa ufundi ndo wa kwanza kukazana na hesabu, wengi wanadhani kinyume.

Halafu mpeleke akaone kazi yenyewe. Wa kwetu tulimweka gereji likizo ya mwezi wa sita, siku ya kwanza kapewa brashi ya waya asugue plagi za injini, karudi mikono myeusi kanuna, siku ya nne yuko mezani anamweleza mama ake kwamba plagi ikiwa na masizi meusi makavu basi injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa. Dada hakusema tena neno daktari usiku ule.

Akienda veta asiishie NVA (cheti cha ufundi stadi) ngazi ya 1 kisa kapata kibarua, hiyo ngazi ya 3 ndo inamfungulia njia ya diploma, na diploma yenye GPA ya 3.0 anaweza kuombea digrii, yani chuo kikuu hakijamkimbia, kachelewa kidogo tu ila ana fani mkononi. Na kama una mwingine bado yuko la saba, ulizia sekondari zenye mkondo wa amali, yani wa ufundi, uliokuja na sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, ila kabla hujamwandikisha kaangalie karakana kwa macho, mashine zipo au ni chumba kina kibao mlangoni?

Mwisho, matokeo ya fomu foo yakitoka, TAMISEMI huwa wanafungua mfumo wa mtandaoni watoto wabadili tahasusi au chuo, wengi linawapita hilo sababu wamesahau nywila. Sisi tuliiandika nyuma ya kalenda ya jikoni pamoja na namba ya mtihani.