Harufu ya Dagaa Isiyo ya Dagaa: Tahadhari ya Moto kwa Wana Mbeya Tunaopanga Ughaibuni

Mtu aliyekulia Uyole, aliyekwenda shule mwezi wa saba huku pumzi ikimtoka mdomoni kama moshi, hatishwi na baridi. Ndivyo nilivyojiambia nilipofika Leicester, Uingereza. Kilichonitisha ni bili ya kupasha joto nyumba nzima. Tulikuwa wapangaji wanne, tukakubaliana mfumo wa joto uzimwe na kila mmoja anunue hita yake ndogo ya umeme ya chumbani.

Usiku mmoja korido nzima ikanuka samaki. Mwenzangu wa chumba cha pili akanigongea mlango, akaniomba kwa upole nifunge vizuri dagaa wangu. Kweli nilikuwa nao, dagaa wa Kyela ambao mama alikuwa amewafunga mifuko mitatu. Nikafungua begi. Mifuko ilikuwa mizima na harufu haikuwa hapo. Tukaifuata mpaka chumbani kwake, nyuma ya kitanda. Hita na birika la umeme vilikuwa vimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Plagi ya hita ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja na tundu la soketi limelegea, limevutika kama nta ya mshumaa. Kutoka hapo mpaka kwenye godoro nisingeweza kupitisha kiganja.

Ndugu yangu, ishike harufu hiyo. Plastiki ya plagi na soketi ikipata joto kupita kiasi, mara nyingi hunuka kama samaki, wengine husema kama mkojo. Ukiisikia na hakuna aliyepika samaki, zima umeme kwenye swichi kuu, kisha mwite mwenye nyumba. Usirudishe umeme mpaka fundi apite.

Hesabu yake si ngumu. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Birika la wati 3000 huvuta ampea 13. Ekstensheni ya Uingereza mwisho wake ni ampea 13 kwa vyote vilivyochomekwa. Fyuzi inaweza kukuokoa mzigo ukizidi, lakini pini iliyolegea huchemka polepole bila fyuzi kukatika. Kwa hiyo hita huchomekwa ukutani peke yake, hukaa mita moja mbali na kitanda na pazia, haianikiwi nguo, na huzimwa kabla hujalala. Najua khanga iliyofuliwa haikauki siku tatu kule. Ianike kwenye kamba bafuni.

Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la ghorofa 19 huko Bronx, New York, hita ya umeme ya chumbani iliwasha moto. Watu 17 walikufa, wakiwemo watoto 8, na wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Gambia na watoto wao. Walikuwa Waafrika kama sisi, waliokuwa wakitafuta joto. Moto wenyewe haukupanda ghorofa zote. Moshi ndio uliopanda, kwa sababu mlango wa fleti ulikoanzia moto ulibaki wazi baada ya watu kukimbia. Ulikuwa mlango wa kujifunga wenyewe, na haukujifunga.

Hapa ndipo malezi yetu yanapotudanganya. Nyumbani jiko liko nje, lina mianya chini ya bati, moshi unajitafutia njia. Ukiona moto unaacha milango wazi, unapiga yowe, majirani wanakuja na ndoo. Kwenye fleti mambo yamegeuka: mlango wazi unapeleka moshi kwa majirani na kwenye ngazi ambazo wewe mwenyewe unazihitaji. Toka, vuta mlango ufunge nyuma yako, gongea majirani ukiwa unashuka. Lifti usiiguse. Milango mizito ya korido usiiegeshe kwa kiti ili upitishe mizigo kwa urahisi, na kama ya kwenu haijifungi yenyewe, mwandikie mwenye nyumba leo hii.

Kama moshi umejaa nje na huwezi kupita, funga mlango, ziba chini yake kwa taulo lililoloweshwa, sogea dirishani, piga simu useme uko fleti namba ngapi, ghorofa ya ngapi. Majengo mengine marefu yana utaratibu wa kubaki ndani kama moto uko kwenye fleti nyingine. Uulize siku unayochukua funguo. Ila katika Grenfell Tower, London, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walipoteza maisha, na wengi walikuwa wameambiwa wabaki ndani. Moshi ukianza kuingia kwako na njia bado inapitika, ondoka.

King'ora cha moshi ni haki yako, wala si hisani ya mwenye nyumba. Kwa Uingereza (England yenyewe, Scotland na Wales wana sheria zao), mwenye nyumba analazimika kuweka king'ora kila ghorofa yenye chumba cha kuishi, na kukijaribu kuhakikisha kinalia siku mkataba unapoanza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 anatakiwa pia akitengeneze au akibadilishe ukimjulisha kwamba ni kibovu, na aweke king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi kwenye chumba cha kuishi chenye boila (mtambo wa kupasha maji joto) au meko ya kuni. Mifumo ya gesi hukaguliwa kila mwaka, nyaya za umeme kila miaka 5. Akikataa kuweka au kutengeneza ving'ora, halmashauri inaweza kumpiga faini ya hadi pauni 5,000. Mjulishe kwa maandishi na utunze ujumbe. Ujerumani nako vyumba vya kulala na korido za kutokea lazima viwe na ving'ora.

Wengi wetu hukitoa betri kwa sababu kinalia tukipika chapati. Usikitoe. Fungua dirisha, funga mlango wa jikoni. Kikitoa mlio mfupi kila baada ya dakika moja hivi, betri imeisha. Kibonyeze kila mwezi, na kikifika miaka 10 kibadilishwe chote.

Simu: Uingereza ni 999, nchi za Umoja wa Ulaya 112, Marekani na Kanada 911. Hofu hufukuza lugha ya kigeni kichwani, nimeliona hilo kwa macho yangu. Andika anwani kamili pamoja na namba ya posta, uibandike ndani ya mlango, na mfundishe mtoto aisome. Anza na anwani ndipo ueleze kinachoungua.

Jikoni jambo moja linanitia wasiwasi kuliko yote: mafuta ya kukaangia maandazi yakishika moto, maji ni adui. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funika kwa mfuniko kama huungui, usilinyanyue sufuria. Usipoweza, funga mlango na utoke. Na yule anayechoma nyama kwa mkaa kwenye roshani, au anayeingiza jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi, aache. Gesi ya mkaa haina harufu. Inaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, halafu usingizi.

Vijana wa kusambaza chakula kwa baiskeli za umeme: tumia chaja iliyokuja na baiskeli, usichaji usiku ukiwa umelala, wala usiiegeshe koridoni. Betri ya lithiamu ikilipuka inafunga njia pekee ya kutokea.

Sasa nyumbani, maana wengi tunawapangia wazazi au tunapanga wenyewe tukija likizo. Waliokuwepo Mbeya mwaka 2006 wanakumbuka Soko la Mwanjelwa lilivyoteketea. Lakini nyumba zetu nazo tumezifunga dhidi ya wezi tukasahau moto: nondo kila dirisha, mlango wa chuma, kufuli kwa ndani, na ufunguo anao mtu mmoja chini ya mto wake. Mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze angalau dirisha moja la chumba cha kulala lenye nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani. Ufunguo wa mlango utundikwe mahali pamoja panapojulikana na wote, mkono usipofika kutoka dirishani. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mtungi wa gesi ukivuja, gesi hiyo hutulia sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Usiguse swichi. Funga valvu, fungua milango, toka. Mpira na kiungio vijaribiwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Nanyi wa Marekani, pasi iliyoandikwa volti 120 pekee msiilete kama zawadi. Umeme wetu ni 230.

Zawadi ninayoleta mimi ni king'ora cha moshi chenye betri ya miaka 10. Hakizidi uzito wa kikombe. Kwa mama, Uyole, nilikifunga kwenye korido ya vyumba vya kulala, mbali na jiko la kuni lisije likakisumbua bure. Tarehe mosi ya kila mwezi anachukua mpini wa ufagio, anakibonyeza, kuku wanatawanyika uani. Kisha simu yangu inaita.

"Kimelia, mwanangu. Na chako?"

Nami huwa nimeshapanda juu ya kiti.