Mgeni wa projekti usimpe jembe lisilo na mpini

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa programu huria (zile ambazo kodi yake iko wazi na yeyote anaweza kuchangia) jembe tunampa dakika ile ile anayoingia halafu halina mpini, yaani mtu anauliza asaidie wapi, anajibiwa "soma nyaraka", anaenda kusoma nyaraka zenyewe za miaka mitatu nyuma, amri ya pili tu inagoma. Humuoni tena. Alafu tunakaa kulalamika watu hawachangii.

Mimi na wenzangu wawili tunasimamia kaprojekti kadogo na nimeshafukuza watu kibao bila kujua, kwa hiyo haya nayoyaandika nimeyajua kwa kuungua.

Kwanza azima kompyuta ambayo haijawahi kuiona projekti yako, ya mdogo wako hata, ufuate maelekezo yako mwenyewe neno kwa neno bila kuruka kitu. Mara ya kwanza nilikwama saa nzima kwenye kitu nilichoandika kwa mkono wangu, aibu tupu. Na andika ukubwa wa vitu vya kudaunlodi, maana kuna mtu yuko na bando la siku, ukimpa kitu cha giga nne bila kumwonya likikata katikati ndo basi tena.

Tenga kazi ndogo ndogo za wageni. GitHub, mtandao ambako projekti nyingi huweka kodi, wana lebo yake kabisa ya ishu (kazi zilizoorodheshwa) za kuanzia, ila wengi tunaibandika kwenye kazi ambayo wote tumeikimbia, sasa mgeni ataiweza vipi? Taja faili, taja matokeo unayotaka, taja wa kumuuliza. Alafu iache! Najua mkono utakuwasha uimalize mwenyewe Jumamosi usiku kwa dakika kumi, usiiguse.

Kwenye magrupu yetu mgeni huanza na "habari zenu wakuu, samahani naomba kuuliza", anaishia hapo, anasubiri akaribishwe. Kuna wajuaji watamjibu "uliza moja kwa moja acha kutupotezea muda". Andika tu "salama mkuu, karibu, umekwama wapi?", sekunde tano. Akikufuata inboksi ujue anaogopa kuchekwa, mjibu huko mara moja, kisha muombe swali lijalo alilete kwa wote.

Akileta mchango, yaani mabadiliko ya kodi, mjibu ndani ya siku mbili hata kama hujaupitia, "nimeuona, asante, naukagua Jumamosi" inatosha. Ukikagua usimrundikie komenti kumi na nne, chagua mbili tatu zinazobeba uzito, mambo ya nafasi na mabano rekebisha mwenyewe.

Si kila mgeni kaja kulima lakini. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, ya 2020 watu walifurika na michango ya kubadilisha neno moja ili wapate tisheti, mpaka waandaaji wakabadili sheria, projekti ishiriki kwa hiari yake tu. Michango ya hao ifunge kwa mstari mmoja, usijibizane.

Sasa maneno machafu. Mtumiaji akija na "takataka yenu imenifutia kazi", jibu tatizo, tusi liache lipite: "pole sana, ni toleo gani, na ilitokea ukifanya nini?" Wengi hapo hapo wanapoa. Akirudia tusi mwonye pembeni, ya tatu mtoe, bila hotuba.

Mgumu ni yule fundi wenu mwenyewe, anayejua kodi kuliko wote (kodi za kompyuta, sio za TRA) na ndiye anayewavunja wageni. Kila mtu anamvumilia eti akiondoka tutafanyaje. Mfuate pembeni, mwoneshe maneno yake mwenyewe, mwambie nani aliacha kuja baada ya hapo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani Septemba 2018 kwa ukali wake wa miaka mingi akakaa pembeni kidogo, na wakati huo huo kerneli (kiini cha Linux) ikachukua kanuni za maadili zilizotokana na Contributor Covenant, kanuni za mfano ambazo projekti nyingi huzitumia. Wa kwenu ni nani asiambiwe? Hizo kanuni ziwekeni kabla ugomvi haujaja, na malalamiko yapokelewe na watu wawili, maana mmoja anaweza kuwa ndiye anayelalamikiwa.

La mwisho hili wengi hawalifikirii, kelele zinaweza kuwa mtego. Mwaka 2022 akaunti zisizojulikana zilimbana Lasse Collin, msimamizi wa xz (programu huria ya kubana mafaili), wakati alishasema afya yake ya akili haiko sawa, wakidai anachelewesha mambo na aongeze msimamizi mwingine. Aliyepewa nafasi ni Jia Tan, msaidizi mpole mchapakazi, na 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani. Mhandisi wa programu Andres Freund aliustukia kwa sababu kuingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kulichelewa kama nusu sekunde tu!

Kwa hiyo jembe mpe mgeni siku ya kwanza, ufunguo wa ghala hapana. Kwetu kutoa toleo jipya kunahitaji watu wawili waangalie, na mtu akianza kelele za "mwachie mwingine" tunajibu mara moja kwamba tumeona, alafu hatubadilishi kitu wiki hiyo. Ukichoka sema umechoka, zima arifa, kalale.