Namna ya Kupiga Picha Nguzo za Mwanga za Uwanja wa Ndege wa Los Angeles

Penye lango la LAX, uwanja mkuu wa ndege wa Los Angeles nchini Marekani, pana duara la nguzo 15 za kioo, kila moja ikikaribia mita 30 kwa urefu, ambazo usiku huwaka kwa rangi zinazobadilika. Zilisimamishwa mwaka 2000, na mwaka 2006 taa zake za ndani zikabadilishwa na kuwekwa za LED. Picha zake nyingi huharibika kwa sababu mpigaji amesubiri hadi giza limetanda, nguzo zikaonekana kama mirija myeupe isiyo na rangi katikati ya weusi mtupu.

Fika kabla jua halijazama, kwani wakati unaofaa ni dakika 20 hadi 40 hivi baada ya machweo, anga lingali na buluu yake na mwanga wake ukikaribiana na ule wa nguzo. Barabara ya Century Boulevard huingia uwanjani ikielekea magharibi. Kwa hiyo ukisimama mashariki ya duara, masalia ya machweo yatakuwa nyuma ya nguzo zenyewe.

Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na upenyo, yaani tundu la lenzi, wa f/8, kisha uanze na sekunde mbili za kuingiza mwanga. Usiiachie kamera ijichagulie mizani ya weupe, yaani marekebisho ya rangi kulingana na aina ya mwanga, kwa maana kila rangi ya nguzo inapobadilika nayo itajaribu kuisahihisha, na picha za mfululizo mmoja hazitalingana. Mizani hiyo hupimwa kwa kelvini, na kelvini 4000 ni mwanzo mzuri. Ikague picha kwenye skrini, na kioo kikionekana cheupe pasipostahili, punguza muda, hata kama mazingira yatakuwa na giza kidogo, kwa kuwa rangi iliyoungua kwa mwanga mwingi hairudi.

Ukitaka michirizi ya taa za magari utahitaji sekunde nane au zaidi, na hapo rangi mbili za nguzo zinaweza kuchanganyika. Mimi hupendelea kupiga mara mbili bila kuisogeza stendi, picha moja kwa ajili ya nguzo na nyingine kwa ajili ya barabara, kisha nikaziunganisha kwenye kompyuta.

Baki kwenye njia ya waenda kwa miguu, wala usivuke hadi katikati ya barabara, na ikiwa kazi ni ya biashara, omba kibali mapema.